Sauti ya Mtangazaji Ifike Nduguti

Ni desturi njema ya vyuo vyetu kuwaalika watangazaji mashuhuri waje kuzungumza na wanafunzi. Vijana hupenda kumwona kwa macho mtu ambaye wazazi wao walimjua kwa sauti tu. Sisi twalisifu jambo hilo. Lakini twauliza: mazungumzo yakiisha, mwanafunzi huondoka na nini?

Tumchukue kijana atokaye Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, naye anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Tuseme mgeni wa siku hiyo ni mtu mfano wa Ndugu Tido Mhando, aliyevuma katika Radio Tanzania, akaja kuiongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha Shirika la Utangazaji Tanzania. Kijana atasikia mengi yenye manufaa: jinsi ya kuchuja habari, kuchagua neno, na kumheshimu msikilizaji. Ikiwa atatoka ukumbini na picha aliyopigwa pamoja na mgeni tu, basi amefaidi nafsi yake peke yake. Wakulima wa alizeti na vitunguu waliomlea hawakupata kitu, ingawa jasho lao limo katika elimu yake.

Nchi yetu ilikwisha kuonyesha njia iliyo bora. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa majuma 12 watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, mijini na vijijini, kusikiliza redio. Walifundishwa habari za malaria, kichocho, kuhara damu, safura na kifua kikuu. Kipindi kilipokwisha hawakutawanyika. Walisoma kijitabu, wakajadiliana, wakakata shauri, kisha wakashika majembe: wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi.

Je, kazi hiyo ilifanywa na sauti ya mtangazaji peke yake? Hata kidogo. Katika kila kikundi alikuwapo kiongozi aliyefunzwa, mwanakijiji kama wenzake. Viongozi wa namna hiyo walikuwa kiasi cha 75,000. Mtangazaji alisema mara moja kwa nchi nzima. Kiongozi wa kikundi alieleza tena, akajibu maswali, akahakikisha kwamba neno limekuwa tendo. Mtangazaji pasipo mtu huyo ni kama mvua inyeshayo juu ya mwamba: sauti yake husikika, lakini hapaoti kitu.

Twaamini kwamba nafasi ya kiongozi yule sasa ni ya mwanafunzi. Leo hatuna upungufu wa sauti. Redio ni nyingi, na simu za mkononi huleta habari usiku na mchana, za kweli na za uzushi pamoja. Mkulima aweza kuambiwa uongo juu ya mbegu, au juu ya dawa, au juu ya bei ya mazao, naye asiwe na mtu wa kumwuliza. Tena Mkalama ni nchi ya Wanyiramba na Wanyisanzu, na huko Munguli wako Wahadzabe. Mzee asiyezoea Kiswahili cha habari huhitaji mtoto wake amweleze kwa lugha ya nyumbani. Kazi hiyo hakuna mtangazaji awezaye kuifanya akiwa Dodoma au Dar es Salaam.

Kwa hiyo twawaambia vijana: nendeni mkawasikilize watangazaji mashuhuri, wala msione haya kuwauliza. Waulizeni habari yaweza kuthibitishwaje kabla haijasemwa. Waulizeni pia msikilizaji wa Nduguti ana njia gani ya kuwajibu, maana utangazaji usiosikiliza ni nusu ya kazi. Andikeni majibu. Likizo ikifika, waiteni jirani chini ya mti au ofisini mwa kijiji, mkae nao saa moja, mwaeleze mliyoyasikia na kusikia yaliyo yao.

Na vyama, matawi na serikali za vijiji wasingoje kuombwa. Wawape vijana hao mahali na nafasi. Elimu ya mmoja iliyofungiwa kichwani mwake ni mali iliyofukiwa. Ikigawanywa, ni ya kijiji kizima.