Paka Wetu na Sahani ya Wali

Hapa Chundwa paka hutiliwa kilichosalia siniani: wali wa jana na mchuzi juu yake ili apate harufu ya samaki. Akila, twaona tumemtendea wema. Wengi wetu tumekosea katika jambo hili, nasi tuandikao tumo.

Paka ni mla nyama kwa maumbile yake. Mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha kirutubisho kiitwacho taurini, ambacho hupatikana katika nyama na samaki, wala hakimo katika wali. Mwaka 1987 watafiti wa California walibainisha kwamba paka aliyepungukiwa na taurini moyo wake hupanuka na kudhoofika. Waliporudishiwa, wengi walipata nafuu. Macho nayo huharibika, na upofu huo hauponi.

Wenye uwezo hutuuliza juu ya vyakula vya madukani vilivyoandikwa kuwa havina nafaka, ambavyo bei yake ni kubwa. Kukosa nafaka si dalili ya kuwa na nyama. Mara nyingi mahali pake hutiwa njegere, dengu au viazi. Mwaka 2018 idara ya Marekani isimamiayo vyakula na dawa ilitangaza kuchunguza iwapo vyakula vya namna hiyo vinahusiana na maradhi ya moyo kwa mbwa, na sababu haikuthibitika. Kwa rai yetu, wali kidogo haumdhuru paka. Linalomdhuru ni wali kuwa ndio chakula chake chote. Anunuaye na asome kiungo cha kwanza, kiwe nyama au samaki aliyetajwa kwa jina, na ahakikishe hamna nguruwe.

Asiyenunua ana vichwa na mabaki ya samaki. Vichemshwe, kwani baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini mwilini mwa paka. Miba itolewe, na supu yake asinyimwe, maana taurini huyeyukia majini. Ng'onda aloweshwe mpaka chumvi imtoke. Ama mchuzi, huo ndio tuuache kabisa: kitunguu na thomu huharibu damu ya paka.

Katika hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, kosa lake lilikuwa kumfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Panya ana taurini tele. Basi paka wako akitoka usiku kuwinda ghalani, usimfungie mlango.