Nyumba Hupimwa na Wanaoishi Ndani Yake



Wengi wetu tukiwaona watoto wamekaa mbele ya kompyuta, husema tu kwamba wanapoteza wakati. Nasi tulikuwa tukisema hivyo hivyo, mpaka likizo iliyopita mjukuu wetu wa miaka 11 alipotuonyesha alichokuwa akikijenga. Alikuwa akiijenga upya nyumba ya akina Simpson, familia ya katuni ya Marekani, ndani ya mchezo uitwao The Sims. Tulipata hapo somo la afya ya nyumbani, na mwezi huu tunapenda kuwasimulia.

Familia hiyo ni ya kuchorwa tu. Kipindi chake kilianza kuonyeshwa katika televisheni mwezi Desemba 1989. Baba ni Homer, mama ni Marge, na watoto ni Bart, Lisa na Maggie. Chini ya nyumba yao kuna sebule, chumba cha kulia na jiko. Ghorofani kuna vyumba vya kulala. Na kando kuna gereji. Watu waliipenda nyumba hiyo kiasi kwamba mwaka 1997, huko Henderson katika jimbo la Nevada, ilijengwa nyumba ya kweli ya mfano wake, yenye vyumba vinne vya kulala, iwe zawadi ya shindano. Kuiga nyumba ya katuni si kazi rahisi, kwa sababu chumba kinachoonekana leo kesho huenda hakipo. Mchoraji hasumbuki na jambo hilo, kwa kuwa halali humo.

Mchezo ulivyoanza

Aliyeutunga mchezo wa The Sims ni Mmarekani Will Wright. Mwezi Oktoba 1991 moto mkubwa uliwaka katika vilima vya Oakland, jimbo la California. Watu 25 walikufa na maelfu ya nyumba ziliteketea, ya Wright ikiwamo. Alipokuwa akianza maisha upya na kununua tena vitu vya nyumbani, alianza kufikiri ni vitu gani hasa binadamu anavihitaji, na kwa nini. Humo ndimo wazo la mchezo lilimokua, nao ukatoka mwaka 2000.

Mwanzoni alikusudia uwe mchezo wa kujenga nyumba. Wale watu wadogo waliwekwa ndani ili waonyeshe kama nyumba inafaa au haifai. Katika mchezo huo wa mjukuu wetu kila mtu ana mistari sita: njaa, usingizi, usafi, haja, burudani na kuwa pamoja na wenzake. Akipata anachohitaji, mstari huwa wa kijani. Akikikosa, hugeuka mwekundu.

Kochi lipo, choo hakipo

Mjukuu wetu alianza na vile anavyovikumbuka zaidi: kochi mbele ya televisheni, na picha ya mashua ukutani. Alipaka rangi kuta, akapanda majani nje. Nyumba ilipendeza kweli. Kisha akawaingiza wote watano na kuuanzisha mchezo.

Haukupita muda mrefu, Homer akajikojolea sebuleni. Choo kilikuwa kimesahauliwa! Mtoto alicheka sana, akaweka choo ghorofani. Lakini alikuwa ameegemeza kabati mlangoni, basi watu wakawa wanasimama na kupunga mikono, hawana pa kupita.

Mama yetu mzazi, ambaye tunaishi naye na amekwisha kupita miaka 80, alikuwa ameketi karibu akitazama. Mtoto akamgeukia akamwuliza, "Bibi Mkubwa, na wewe usiku mstari wako huwa mwekundu?"

Mama akacheka, kisha akasema taratibu, "Mimi, mjukuu wangu, jioni sinywi maji. Nikinywa nitatoka nje gizani, na zile ngazi zitaniangusha."

Wapendwa, tulinyamaza. Kwa majuma kadhaa mama alikuwa akilalamika kizunguzungu na kufunga choo, nasi tukamshauri ale papai na mboga. Kila siku hospitalini tunawahimiza wagonjwa wanywe maji, na kumbe nyumbani kwetu mzee anajinyima maji kwa kuogopa njia ya chooni. Mzee asipokunywa maji ya kutosha hufunga choo, hupata kizunguzungu, na huweza kuambukizwa ugonjwa wa njia ya mkojo. Akianguka, mfupa wa nyonga huweza kuvunjika, na wengi hawarudii nguvu zao za zamani.

Juma hilo hilo tulifanya haya:

1. Tuliweka ndoo ndogo yenye kifuniko karibu na kitanda chake, na kiti imara cha kushikilia. Huoshwa kila asubuhi.
2. Tulifunga ufito wa kushikilia kando ya ngazi, na kusawazisha njia ya chooni.
3. Tulimpa tochi, ikae chini ya mto.
4. Tulimwomba anywe maji zaidi mchana, na asijinyime jioni.

Kizunguzungu kimepungua, na sasa chai ya jioni anaiomba mwenyewe.

Nanyi jaribuni. Leo usiku zungukeni nyumba yenu pamoja na watoto. Muulizeni kila mmoja: unalala wapi, unapita wapi, unaogopa wapi? Moshi wa jiko unamwingia nani? Mtoto mchanga anaweza kufikia moto? Msijibu kwa niaba ya mzee; mwacheni aseme mwenyewe.

Na wewe mtoto unayejenga nyumba za akina Simpson, jenga, lakini ukumbuke kwamba nawe una mistari yako. Inuka, unyooshe mgongo, upumzishe macho, ule kwa wakati, ulale mapema. Mjukuu wetu naye tulimkuta saa nne usiku hajala, huku Homer ameshiba.

Tukutane mwezi ujao.