Dawa ya Magugu ni Sumu

Wakati wa palizi tunapata wagonjwa wa namna nyingine katika zahanati. Wanakuja na macho mekundu, ngozi ya mgongo iliyochubuka, au kichefuchefu. Ukiwauliza walikuwa wanafanya nini, wanajibu: "Nilikuwa napiga dawa ya magugu."

Neno hilo "dawa" linatudanganya. Dawa ya malaria humponya mtu. Dawa ya magugu haiponyi kitu. Kazi yake ni kuua.

Sisemi wakulima waiache. Mimi pia nimelima, na sangari naijua. Ukiipiga jembe unakata mizizi yake vipande vipande, na kila kipande huota tena. Lakini ni lazima ujue dawa uliyonunua inafanyaje kazi.

Dawa iitwayo glaifoseti huingia kwenye majani mabichi, kisha hushuka mpaka mizizini. Huenda polepole. Majani huanza kuwa ya njano baada ya wiki moja hivi. Huua mahindi pia, kwa hiyo hupigwa kabla ya kupanda. Dawa iitwayo parakwati ni tofauti. Huunguza majani inayoyagusa tu. Kesho yake yamenyauka na mkulima anafurahi, lakini mizizi ya sangari iko hai chini ya udongo. Baada ya muda shamba ni kijani tena.

Hapo ndipo makosa huanza. Mkulima husema dawa ilikuwa hafifu, akazidisha kipimo. Mwingine hupiga glaifoseti leo, na keshokutwa akiona majani bado mabichi, anarudia. Mwingine huchanganya dawa na maji ya tope. Udongo hushika dawa na kuipunguzia nguvu, naye anaongeza dawa tena. Sangari haifi kwa hayo. Fedha zinapotea, na mwili wake unapata sumu zaidi.

Basi tumia maji safi na kipimo kilichoandikwa. Vaa viatu vya mpira, glavu, suruali na shati la mikono mirefu. Bomba likivuja, litengeneze kwanza. Tundu la bomba likiziba, usilipulize kwa mdomo. Usipige dawa upepo ukiwa mkali. Ukimaliza, oga kwa sabuni, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Sasa nataka kusema juu ya dawa inayobaki. Mtoto mmoja wa miaka sita aliletwa kwetu jioni. Alikuwa amekunywa kidogo kutoka chupa ya soda iliyokuwa chini ya kitanda. Ilikuwa parakwati, ambayo baba yake alipimiwa na jirani. Nyumbani walimpa maziwa kwanza, wakangoja. Maziwa hayaondoi sumu hii. Tulimpeleka hospitali usiku ule ule. Siku ya pili alisema hajambo, akaomba uji, na mama yake akadhani amepona. Lakini parakwati huharibu mapafu polepole. Siku ya sita alishindwa kupumua, akafariki.

Parakwati haina dawa ya kuizima ikishaingia mwilini. Funda moja laweza kumwua mtu mzima. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu itumike tangu mwaka 2007.

Kwa hiyo usinunue dawa ya kupimiwa. Iache katika chupa yake, uifungie mbali na chakula na watoto. Chupa ikiisha, isuuze mara tatu, na maji hayo yamimine ndani ya bomba uyapige shambani. Kisha itoboe. Usiitumie kuwekea maji wala mafuta ya taa. Tazama pia utepe wa rangi kwenye karatasi ya chupa. Utepe mwekundu maana yake ni sumu kali sana.

Dawa ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15. Ikimwagika mwilini, vua nguo upesi, uoge kwa sabuni. Mtu akiimeza, usimtapishe, na usingoje aumwe. Mlete saa hiyo hiyo, hata kama anasema hajambo. Njoo na chupa yenyewe. Baba wa yule mtoto alituletea chupa ya soda, na tulipoteza muda kumtafuta jirani ili tujue ilikuwa na dawa gani.