Sinagogi la Lubumbashi: kuta zimebaki, waumini wamepungua

Mgeni anayetaka kujua Lubumbashi ilivyozaliwa huelekezwa kwenye migodi na reli. Lakini historia ya mji huu inasomeka pia katika nyumba zake za ibada.

Mji ulianza mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, mwaka uleule reli ilipofika kutoka kusini. Shaba ilivuta watu wa kila asili: Waafrika wa mikoa ya jirani, Wabelgiji, Wagiriki, Wataliano na Wayahudi. Wakatoliki walijenga kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo. Wayahudi nao walijenga sinagogi lao mwishoni mwa miaka ya 1920, likichorwa na msanifu Raymond Cloquet.

Wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes, wakaja kufanya biashara. Safari hiyo iliwaokoa. Julai 1944, Wajerumani waliwakamata Wayahudi zaidi ya 1,600 waliobaki kisiwani na kuwapeleka Auschwitz. Walionusurika walikuwa 150 hivi. Hivyo, desturi ambazo zilikaribia kuzimika nyumbani ziliendelea kuishi Katanga, chini ya Rabi Moïse Levy, aliyefika mwaka 1937 na kuhudumu kwa zaidi ya miaka 50.

Kilichopunguza jamii hiyo ni siasa. Baada ya uhuru wa 1960 kulikuja vita vya kujitenga kwa Katanga. Kisha Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yakabidhiwe Wazaire. Wafanyabiashara wengi walifunga mizigo, wakahamia Ubelgiji, Afrika Kusini na kwingineko.

Huko Japani, hekalu la Kishinto la Ise hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya miaka 20, na mara ya mwisho ilikuwa 2013. Mbao hubadilishwa, ila mafundi hurithishana kazi. Lubumbashi mambo ni kinyume: matofali yapo, warithi ndio wachache. Jengo la namna hiyo hulindwa na majirani, au halilindwi na mtu.

Ukitaka kulitembelea, omba ruhusa mapema. Mwanamume afunike kichwa. Na usiende na kamera Jumamosi, kwa kuwa ni Sabato.