Albamu za Zawose: Uanzie Wapi?

Chumbani kwetu UDOM kuna mshkaji wa roki. Usiku mmoja alinipa upande mmoja wa hedifoni nimsikilize Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Gitaa lilivuta sauti moja ndefu isiyokatika, kisha akaingia mtu anaimba Kigogo kitupu. "Anasemaje huyu?" akaniuliza. Mimi ni mtoto wa Makutupora, ila mwaka mzima nilikuwa nakwepa kuongea Kigogo mbele za watu. Utani wenu wa ombaomba mnaujua wenyewe. Nikamjibu, "Huyo mzee Hukwe Zawose. Wa kwetu."

Tangu hapo nimekuwa mwalimu bila mshahara, na swali ni lile lile: nianzie wapi?

Zawose alizaliwa Doda, hapa hapa mkoani Dodoma. Miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam akapige muziki wa taifa, baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Lakini ukizitafuta albamu zake, nyingi zilitolewa Uingereza. Triple Earth walitoa "Tanzania Yetu" mwaka 1985 na "Mateso" mwaka 1987. Kisha wakaja Real World, kampuni ya Peter Gabriel, na "Chibite" ya 1996. Ile niliyosikilizishwa ni "Assembly" ya 2002. Mzee alifariki Desemba 2003.

Ushauri wangu: usianze na "Assembly", hata kama ni mtu wa magitaa. Anza na "Chibite". Pale ilimba iko mbele. Ilimba ni sanduku la mbao lenye vichuma vya kupigwa kwa vidole gumba, na vingine havipigwi kabisa. Vipo ili vitetemeke vyenyewe wenzao wakiguswa. Ndiyo maana mlio wake unavuma kama mzinga wa nyuki. Wapenzi wa roki wanaonunua vifaa vya kukwaruzisha gitaa watanielewa. Juu yake wanaingia waimbaji, kila mmoja na njia yake, sauti zinapishana na kukutana. Ukishazoea hapo, rudi kwa Brook. Utajua nani anamfuata nani.

Halafu "Maisha" ya Zawose Queens, 2024: binti yake Pendo na mjukuu wake Leah. Zamani walikuwa waitikiaji. Hapa ndio wanaoongoza. Kwa kweli walichelewa, maana ngoma ya muheme kwetu ni mali ya wanawake siku zote.

Mwezi uliopita nilimpeleka mshkaji nyumbani Makutupora. Alikuwa amekariri "Mbukwenyi" njia nzima ndani ya daladala, akaitamka vizuri. Bibi akasikiliza "Assembly" kwenye simu, akakunja uso: "Huyu wa gitaa anamsubiri nani ndipo aanze?" Mshkaji aliumia, nilimwona. Nikaweka "Maisha". Bibi hakusema kitu. Akavuta ndoo tupu, akaibana mapajani kama muheme, akaanza kupiga, na mara kwa mara akatikisa kichwa wale wa kwenye simu walipopita asipopataka.

"Mjukuu wangu, mpe mgeni kayamba," akasema.

Mshkaji alikosea mara tatu. Ya nne bibi akaacha kumtazama, akaendelea kuimba.