Mafuta Gani, Mwalimu?

Sisi walimu wa isimu twapenda kuwalaumu mafundi wa magari kwa kukiharibu Kiswahili. Hadi majuzi, nami nilikuwa miongoni mwa walalamishi hao.

Ninalo gari kuukuu aina ya Volkswagen Beetle, ambalo uundaji wake ulikoma nchini Mexico mwaka wa 2003. Injini yake ina chujio la waya tu, ambalo huzuia takataka kubwa lakini hupitisha chembe za chuma zinazokwaruza beringi. Ilipofunguliwa ili iundwe upya, fundi alishauri tuiongezee kichujio cha nje. Hapo pampu husukuma oili hadi kichujioni, nayo hurudi katika mfereji mkuu wa bloki kupitia tundu jipya. Njia ya zamani, itokayo pampuni moja kwa moja hadi mfereji huo, sharti izibwe kwa kizibo cha skrubu. Isipozibwa, oili hufuata mkato na kukikwepa kichujio.

Fundi alipotoka kununua vipuri, aliniomba nimwambie mwanagenzi wake azibe tundu la pampu ya oili. Nami, kwa kiburi cha usomi, nikausanifisha ujumbe: "Ziba tundu la pampu ya mafuta."

"Sawa, Mwalimu," akajibu kijana. Akakata kipande cha bati, akakifunga kwa nati mahali pa pampu ya petroli, ambayo katika injini hiyo hukaa juu ya bloki.

Fundi aliporejea, alitazama, akauliza kwa upole: "Mafuta gani, Mwalimu?"

Kijana hakukosea. Kwetu Kenya, aendaye kutia mafuta huenda kutia petroli. Mimi ndimi niliyeondoa neno lililotenganisha vitu viwili. Kwa bahati, bloki ilikuwa ingali wazi mezani. Tulipoteza bati na saa moja. Lakini tundu lisilo lake likizibwa, mathalani mfereji mkuu wenyewe, beringi hukosa oili na injini huangamia kwa dakika chache.

Sisemi kila neno la kigeni lipokewe. Nasema neno linalotenganisha maana lising'olewe kabla hatujapata jingine la kufanya kazi hiyo. Wenzangu watunzi wa istilahi, twendeni gereji. Mimi nitarudi Jumamosi na daftari, kuandika wala si kusahihisha.