Jembe na Mpini Wake

Mkulima anunuapo jembe asitazame rangi, maana rangi huficha ufa. Na alitungike kwa kamba, aligonge kwa kijiwe: likilia kama kengele, chuma ni kizima, likitoa sauti iliyofifia, alirudishe kwa mwenye duka.

Lakini jembe jema huharibiwa na mpini mbaya. Wengi hukata mti leo, wakalima nao kesho. Mti mbichi husinyaa ukikauka, jembe likalegea, nao hulilaza majini usiku kucha ili likaze. Hiyo si dawa. Mti hufura kwa maji, kisha jua huulegeza kuliko kwanza, na mwishowe huozea ndani ya tundu. Yafaa kukata mti mgumu, kama mpera, wakati wa kiangazi, na kuukausha kivulini miezi michache. Jua kali huupasua.

Makali yanolewe kwa tupa, upande mmoja tu. Jembe butu hulaza magugu pasipo kukata mizizi. Mvua moja ikinyesha yamesimama tena, na mahindi yamekwisha kunyang'anywa chakula chao. Kila jioni udongo ukwanguliwe, chuma kipanguswe. Msimu ukiisha kipakwe mafuta, na jembe litundikwe juu, mchwa wasiufikie mpini.